Unaolewa Kesho, na Wosia Wangu Bado Unakutaja

Kitengela, Ijumaa alasiri

Mwanangu Nafula,

Nimefukuzwa jikoni, nimefukuzwa sebuleni, na hata kule chini ya hema shangazi zako wameniambia nawakanyagia viazi. Kwa hiyo nimekuja kujificha kwenye stoo ya chakula cha kuku, nimekalia gunia la pumba, na ninaandika juu ya beseni lililopinduliwa. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani ni uzee.

Sikuandikii mambo ya kuendesha nyumba. Tangu Jumatatu umefundishwa kupika, kusalimia wakwe, kuamka mapema, na nimemsikia mmoja akikufundisha namna ya kukohoa ukitaka mgeni aondoke. Hapo mimi sina la kuongeza. Niko na jambo moja tu. Juzi Jumatano, wageni walipokuwa wanakunywa chai, Baba Mkubwa Wekesa alisema kwamba kwa kuwa sasa unaolewa, jina lako lifutwe kwenye wosia wangu. Najua ulisikia, kwa sababu ulikuwa umebeba sinia na ulisimama mlangoni. Hukusema neno. Uliweka sinia, ukaenda zako, na tangu siku hiyo unanijibu kwa adabu nyingi mno. Jana nilikuomba chumvi ukasema, "Ndiyo, baba, asante." Mtoto wangu hanijibu hivyo akiwa sawa.

Sitaki uende kwa mume wako Kimana na swali hilo. Jibu ni kwamba jina lako liko, na litabaki. Lakini unanijua, mimi ni mwalimu, na jibu bila kuonyesha njia halipati alama zote. Acha nikuonyeshe njia.

Shamba hili tulilinunua wakati wewe ulikuwa unang'oka meno ya mbele. Ranchi ya pamoja ilikuwa imegawanywa, kila mwanachama akapata hati yake, na Mzee Lemayian akaamua kuuza kipande cha upande huu. Walimu wenzangu kule Nairobi walicheka. Walisema Mwalimu amenunua mbuga, sasa atauza tikiti. Na hawakukosea sana. Mahindi yetu ya kwanza yalipofika kiunoni, tuliamka asubuhi tukakuta punda milia wamejaa shambani, wametulia, wanatafuna. Mama yako alitoka na sufuria na mwiko akaanza kupiga kelele. Wale wanyama walimtazama tu kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu wa zamu kabla kengele haijalia. Wewe na mdogo wako Nelima mlicheka mpaka mkakaa chini kwenye tope, na Nekesa, ambaye hata kutembea hakujua, akacheka kwa kuwaona nyinyi mnacheka.

Mzee Lemayian alikuja akasimama pale mpakani na fimbo yake mabegani, akanisalimia kwa Kimaasai.

"Sopa, Mwalimu."

"Ipa, mzee."

"Naona umewapandia wageni chakula."

"Nilipanda chetu."

"Hapa hakuna chako mpaka uweke seng'enge," akasema. Kesho yake alikuja na vijana wake wawili kunisaidia kuchimba mashimo ya nguzo, na urafiki wetu ulianzia hapo.

Nakukumbusha haya kwa sababu ulikuwepo. Ulibeba nguzo. Ulimwagilia ile miti ya ua kwa maji ya kuoshea vyombo, na ulilia siku mbuzi walipoila. Hakuna mtu atakayeniambia kwamba wewe ni mgeni kwenye udongo huu mweusi unaokwamisha gumboot.

Miaka ikapita, ukamaliza kidato cha nne. Mwaka huohuo mwalimu mwenzangu mmoja, aliyekuwa na shamba upande wa Isinya, alifariki. Simtaji jina kwa heshima ya watoto wake. Hakuwa ameandika chochote. Tulienda mazishini kwao magharibi, na siku ya kunyoa nywele, ile ya kumaliza matanga, wazee walipoketi kusikiliza madeni na mali, nilimsikia kaka yake akisema kwa upole kabisa kwamba shamba la Isinya limerudi kwa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichofundishwa na baba yake. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na binti zake, na miezi michache baadaye walikuwa wamepanga chumba kimoja mjini, wakati migomba aliyoipanda mwenyewe inavunwa na wengine.

Nilirudi nyumbani nikiwatazama nyinyi. Nina mke na mabinti watatu. Sina mtoto wa kiume. Kwa hesabu ya wazee wetu, nikifumba macho, shamba hili lina mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo ni Baba Mkubwa Wekesa na wanawe. Nampenda kaka yangu, lakini sikumnunulia shamba.

Ndipo nikaandika ule wosia wa kwanza. Utakuwa unaukumbuka, kwa sababu ulikuwa na kitambulisho kipya na ulikuwa unatafuta mahali pa kutia sahihi. Nilikaa mezani na kalamu nzuri, nikaandika kwa Kiswahili safi kwamba nyumba na shamba ni vya mama yenu na nyinyi watatu. Nilijua wosia unahitaji mashahidi wawili. Nikajiuliza, katika dunia hii ninawaamini akina nani kuliko wote? Nikawaita wewe na mama yako.

Mama yako aliusoma wote, akaniuliza, "Sasa nikishatia sahihi, unakufa lini?"

"Sijapanga."

"Basi ukimaliza hapo, tanki halina maji."

Wewe ulijaribu sahihi yako nyuma ya kalenda mara nyingi kabla ya kuitia pale. Ilikuwa na mkia mrefu unaozunguka jina lote. Tulifurahi sana siku hiyo. Tulikuwa tumeharibu kila kitu, lakini tulifurahi.

Kosa la pili nililifanya kesho yake. Nilienda kwenye kibanda cha simu pale stendi nikampigia Baba Mkubwa, maana niliona si vizuri asikie kutoka kwa watu. Nikasema, "Kaka, nimeandika wosia." Nilitaka kuendelea lakini sarafu zikaisha na simu ikakatika. Nikajiambia nitamweleza vizuri siku nyingine.

Hiyo siku nyingine haikufika. Jumamosi nilikuwa juu ya paa la nyumba ya kuku nikipigilia mabati, nikaona watu watatu wanatembea kutoka barabarani kwa mwendo wa pole. Mbele alikuwa Baba Mkubwa katika koti lake jeusi. Nyuma alikuwa Shangazi Robai, ameshika kuku chini ya kwapa. Wa tatu sikumjua. Walifika chini ya ngazi wakasimama.

"Wewe," akasema Baba Mkubwa, "uko juu huko unafanya nini?"

"Napiga misumari."

"Na ni nani amekufa?"

"Kuku wawili, wiki iliyopita."

Shangazi Robai alikaa chini kwenye mchanga, miguu mbele. "Tumelia kutoka Webuye mpaka Nakuru," akasema. "Kondakta alitununulia soda. Na wewe uko juu ya mabati."

Kwao, mtu mzima anayeandika wosia ni mtu ambaye daktari amemwambia jambo. Hakuna sababu nyingine. Mkutano ulikuwa umeitwa, watu wamepeana kazi, na yule mgeni niliyekuwa simjui alikuwa ni mwimbishaji wa nyimbo za mazishi, ameletwa mapema apaone mahali. Aliniangalia kwa masikitiko kidogo, akauliza kama chakula bado kitakuwepo. Kilikuwepo. Tulimchinja yule kuku wa msiba tukamla kwa ugali, na mwimbishaji akaimba vilevile, kwa sababu alisema hawezi kurudi na sauti aliyokuwa ameshaiandaa. Mzee Lemayian alisikia nyimbo akaja kuuliza ni nani, akakuta marehemu anaomba supu zaidi. Nekesa bado anaigiza siku ile vizuri kuliko mimi.

Baada ya kula, Baba Mkubwa alisema kama si ugonjwa, basi hiyo karatasi ipelekwe kwa serikali ikapigwe muhuri, ili kila mtu ajue ni karatasi tu na si kujiapiza. Jumatatu Mzee Lemayian akatupakia mimi na kaka yangu kwenye pikapu yake, na wewe ukasisitiza kuja kwa sababu sahihi yako ilikuwa mle. Tukaenda Kajiado kwa yule mama wakili aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na mahakama.

Alisoma polepole, akarudi juu, akasoma tena.

"Mwalimu, hawa mashahidi ni akina nani?"

"Mke wangu na binti yangu mkubwa."

"Na warithi?"

"Mke wangu na mabinti zangu."

Akavua miwani. "Basi hawa wawili waliotia sahihi hawapati kitu. Shahidi akiwa ni mrithi, kile alichoandikiwa kinaanguka, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasiorithi. Hapa hakuna. Watakaobaki na haki kwenye karatasi hii ni wale wadogo wawili."

Kisha wewe ukauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo nilijiandikia umaskini na ile sahihi yote?" Wakili alicheka mpaka akafuta macho. Mimi ilinichukua muda kucheka. Kwa miaka yote niliyoshika chaki sikuwahi kumpa mtoto asahihishe mtihani wake mwenyewe, na hapo ndipo nilipokuwa nimewaweka. Shahidi ni mtu ambaye korti itamuuliza, "Uliona?" na inamwamini kwa sababu hana cha kupata. Mimi nilichagua watu kwa upendo. Nilipaswa kuwachagua kwa kukosa faida.

Kisha akatueleza jambo ambalo nataka ulishike vizuri, kwa kuwa unaenda kuishi Kimana na Kimana ni wilaya hiihii ya Kajiado. Kuna sheria ya urithi ya nchi nzima, inayomjali mjane na watoto wote, wa kike na wa kiume. Lakini kwa wilaya kadhaa, na Kajiado ni mojawapo, mashamba ya kilimo na mifugo yametolewa nje ya mgawo huo. Mtu akifa hapa bila wosia, shamba lake na ng'ombe wake hugawanywa kwa mila za kabila lake. Mila zako zinakufuata, hata kama ulihama kwenu zamani. Hapo ndipo nikaelewa kilichompata yule mama wa Isinya. Kama mumewe angeacha karatasi moja iliyoshuhudiwa vizuri, mila zisingekuwa na pa kushika.

Wosia mpya ukaandikwa palepale. Tulihitaji mashahidi wawili. Mzee Lemayian hakungoja kuulizwa. "Mimi nilishapata changu uliponunua," akasema, akaomba kalamu. Kisha nikamgeukia kaka yangu.

"Wewe uwe wa pili."

"Nikitia sahihi, mimi sipati kitu hapo?"

"Hapana."

"Mimi wa tumbo moja na wewe," akasema polepole, "nimesafiri kuja kukuzika, halafu unataka niandike kwa mkono wangu kwamba mimi si mtu hapa?"

Akatoka akaenda kusimama kwenye ngazi. Wakili akamwita mzee wa kanisa aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake, naye akashuhudia. Tulirudi Kitengela. Kesho yake Baba Mkubwa alipanda basi. Trei ya mayai aliyopewa na mama yako aliichukua, lakini hakuniaga kwa mkono.

Nafula, lile la mashahidi lilirekebishika kwa dakika chache. Hili la kaka yangu lilichukua miaka. Nilikuwa nimemweleza jambo zito kwa sentensi moja kwenye simu, kisha nikamtaka akubali mbele ya wakili na mbele ya jirani. Nilidhani kazi ya wosia ni kuandika. Nusu ya kazi ni kukaa na watu wako, mkiwa mmeshiba, na kuwaambia umeamua nini na kwa nini, ili siku wakisoma isiwe mara ya kwanza kusikia. Usimfanyie mume wako Parsimei hivyo, wala ndugu zake. Mwambie mapema, hata kama itakuwa ni kuhusu ng'ombe mmoja.

Pia nilijifunza kwamba wosia hauandikwi ukasahauliwa. Uuangalie kama unavyoangalia nguzo za seng'enge baada ya mvua. Tangu siku ile tumejenga nyumba ya mawe, tumechimba kisima, Nelima ameajiriwa, na yule mzee wa kanisa amehamia kwao Murang'a. Kila kitu kama hicho kikitokea najiuliza kama maneno yangu bado yanalingana na maisha yetu.

Na wewe jiulize kesho. Nakumbuka ulipoanza kazi ya unesi uliandika karatasi yako, ukashuhudiwa vizuri na wauguzi wenzako wawili, kwamba akiba yako ije kwetu mimi na mama yako. Nilijivuna, nisikudanganye. Lakini karatasi hiyo inakufa kesho mchana. Ndoa hufuta wosia uliokuwepo kabla yake. Kwa hiyo mkishatulia Kimana, kaeni wawili, kila mmoja aandike wake. Na kule kwenye sacco, chama chenu cha akiba na mikopo, kuna jina la mtu wa kupewa hisa zako, hilo halibadiliki lenyewe, nenda ukalibadilishe. Sitaki siku moja mimi na mama yako tuonekane tunarithi pesa za vitunguu ambavyo Parsimei anavilima huko kwa jasho lake.

Sasa nirudi juzi Jumatano. Kaka yangu aliposema lile neno, sikubishana naye. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitafuta namna ya kumaliza ile safari ya Kajiado tuliyoiacha kwenye ngazi. Jioni nilimkuta nje akiangalia ng'ombe. Nikakaa naye. Safari hii sikuwa na haraka. Nilimweleza habari ya yule mwalimu wa Isinya, tangu mwanzo mpaka kile chumba cha kupanga. Nilimweleza ni kina nani walichimba mashimo haya ya nguzo. Nilimwambia sikumnyima kitu, maana shamba la baba yetu kule nyumbani sijawahi kuligusa na sitaligusa, lile ni lake na wanawe. Alisikiliza. Mwisho akauliza, "Na huyu anayeenda kwa Wamaasai? Si atakula huko?"

"Atakula huko. Na asipokula huko?"

Akarudi kutazama ng'ombe. Nikamwambia kesho naenda Kajiado kuandika wosia upya, na nitafurahi tukienda pamoja.

Jana tukaenda. Mlidhani tumefuata soda za harusi, na soda tulileta kweli. Wakili amezeeka kidogo, lakini alitukumbuka. Nilimweleza ninachotaka, akaandika, kisha akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye sehemu yako, kwamba kipande cha upande wa kisima ni cha binti yangu Nafula, awe ameolewa au hajaolewa, Baba Mkubwa akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na ng'ombe wa huyo mume wake wakija kunywa maji kwenye hicho kisima?"

"Watakunywa," nikasema.

"Ni wengi?"

"Sijawahesabu, mzee," akasema wakili. "Tuendelee?"

Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Baba Mkubwa atashuhudia au aite karani wake. Mzee Lemayian, ambaye alikuwa ametuleta tena kwa pikapu ileile, alikuwa ameshatayarisha kalamu yake.

Kaka yangu akafikiri. "Nikishuhudia, sipati kitu?"

"Hupati kitu," akasema wakili.

"Na nisiposhuhudia?"

"Hata usiposhuhudia, hupati kitu."

"Basi leteni hiyo kalamu," akasema. "Kuliko kukosa bure, afadhali nikose nikiwa na kazi."

Mzee Lemayian alicheka hadi akashika ukuta. Nikatia sahihi yangu wao wakitazama, kisha wao wakatia zao mimi nikitazama, kama inavyotakiwa. Kaka yangu aliandika jina lake lote, mpaka la babu yetu, likatoka nje ya mstari.

Tuliporudi tulisimama Isinya kunywa chai. Hapo ndipo aliniambia maneno ninayotaka uende nayo. Alisema, "Siku ile nilidhani unanifukuza. Nimeona leo kwamba ulikuwa unaniita. Watu wa ukoo wakija kusema shamba ni la wanaume, mimi ndiye mwanaume mwenyewe. Nitawaambia nilikuwepo, niliona, na mkono ni wangu. Na kama mimi nitakuwa nimetangulia, watabishana na sahihi yangu, na hakuna atakayeishinda." Kisha akachovya mkate. "Na mimi nikiandika yangu, nani atashuhudia?"

"Mimi."

"Kwa hiyo kwangu hupati kitu."

"Sijawahi kupata."

"Lipa chai," akasema.

Kwa hiyo mambo yamekaa hivi. Nyumba na kipande kinachoizunguka ni cha mama yenu mpaka atakapotaka mwenyewe vinginevyo. Nelima ana upande wa barabara, kwa sababu yeye anapenda biashara. Nekesa ana upande wa miti. Wewe una upande wa kisima. Wasimamizi wa wosia ni mama yenu na wewe, na usianze kukunja uso, kuwa msimamizi hakukunyang'anyi chako, ni mambo ya mashahidi tu yanayofanya hivyo. Nakala halisi iko kwa wakili Kajiado. Nyingine iko ndani ya kabati la mama yako, chini ya mashuka, na mama yako anajua, na wadogo zako wanajua. Kitu cha namna hii hakifai kutafutwa na watu wanaolia.

Wala usione kwamba nimekupa kipande hicho kwa sababu nina wasiwasi na Parsimei. Kijana huyo nampenda. Tangu alipoanza kuja hapa kumsalimia mjomba wake Lemayian, na kukaa kwa mjomba wake muda mfupi na kukaa kwetu muda mrefu, nilijua tumepata mtu. Nakupa kwa sababu wewe ni mtoto wangu, na kuolewa si ugonjwa unaomtoa mtu utoto. Kilime, kikodishe, kiache ng'ombe wanywe maji. Siku ukija kututembelea, usigonge mlango kama mgeni.

Shangazi Robai ananiita, nadhani mtu amepoteza ufunguo wa mahali soda zilipo. Nitaiweka barua hii ndani ya sanduku lako, juu ya viatu vya harusi, uisome kesho asubuhi kabla hujavivaa.

Kesho kanisani mchungaji atauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Nitajibu "Ni mimi," kwa sauti ya mwalimu wa zamu, ili hata waliokaa nyuma wasikie. Kaka yangu ameniomba asimame karibu nami wakati huo, na nimekubali. Ukitutazama pale mbele, wazee wawili wenye makoti yanayobana, jua kwamba yule wa kushoto anakukabidhi kwa mume wako, na yule wa kulia ameapa kwa jina la babu yake kwamba hapa bado ni kwako.

Nenda ukicheka, mwanangu.

Baba yako